Aliyemwondoa Lyle Hewani

Bango lilitundikwa juu ya lango la uwanja siku ya Jumatano, na tangu Jumatano hiyo Vernon Dieckmann alikuwa hali akashiba. Lilikuwa na herufi nene za buluu: ASANTE LYLE, ULIYEAMUA KUPUMZIKA BAADA YA MIAKA 39. Neno lililomkwama kooni lilikuwa moja tu, hilo la "uliyeamua". Lyle Osterhaus, mtangazaji wa mechi za besiboli, hakuamua kitu. Aliitwa ofisini Septemba ya mwaka juzi, akaambiwa asante, akapewa boksi la kutilia vitu vyake. Aprili iliyofuata, redioni akasikika kijana kutoka Denver anayetangaza besiboli kama mtu anayesoma bei za matairi. Lyle akakaa nyumbani mwaka mzima bila mikrofoni, akimsikiliza kijana huyo kama watu wengine. Februari hii akafa. Na sasa klabu iliyomfukuza inamshukuru kwa kuondoka, tena kwa herufi za buluu.

Watu wa namna hiyo wana ngozi ngumu, na hakuna sabuni ya kuwatia haya usoni. Ndivyo Vernon alivyosema kanisani, ndivyo alivyosema kwenye duka la chakula cha mifugo, na ndivyo alivyosema kwa kinyozi, huku nusu ya uso wake ikiwa bado na povu. Majira yote ya baridi alizunguka na karatasi kukusanya saini. Alipata mia sita na kumi na mbili, katika mji wenye watu elfu nne na kidogo, na kati ya hao elfu nne wamo watoto wachanga, na wamo wale wa mtaa wa juu ambao hawapendi chochote. Juu ya karatasi ya kwanza alikuwa ameandika kwa mkono wake:

"Sisi mashabiki wa Kambare wa Kessler Bend tunataka klabu ikiri mbele ya watu kwamba Lyle Osterhaus hakuamua kupumzika bali aliondolewa. Na aliyemwondoa asimame mbele ya binti yake, ataje jina lake, aombe radhi."

Jumamosi ile, siku ya mechi ya kwanza ya msimu, mashabiki walikuwa wamepanga kukutana saa tano asubuhi kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, wamkumbuke Lyle kabla ya kwenda uwanjani. Vernon alishuka jikoni amevaa tai. Mkewe, Arlene, alikuwa anafunika bakuli la jeli ya kijani yenye karoti ndani, chakula ambacho huko kwao hakuna mkusanyiko usiokuwa nacho na hakuna mtu anayekiri kukipenda.

"Tai," Arlene alisema. "Kumbe leo kuna vita."

"Si vita. Ni haki."

"Haya. Haki yako ina yai hapo kwenye kola."

Vernon akafuta kola. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, amefanya kazi kwenye maghala ya nafaka kando ya mto tangu akiwa kijana, na mikono yake bado ilikuwa mikubwa kuliko kazi yoyote ya jikoni.

"Na yule Tessa, meneja wa klabu, umeshamwambia kwamba leo unamsomea haya mambo?" Arlene aliuliza.

"Atayasikia huko huko."

"Si ofisi yake iko mtaa wa pili? Ungepita tu, mara moja."

"Nipite nimwambie nini mtu asiyejibu barua? Niliwaandikia mwaka juzi, barua ya heshima kabisa. Hata asante sikupata."

"Vernon, miaka arobaini na sita ya ndoa sijakusikia ukimwambia mtu jambo usoni. Supu yangu ikizidi chumvi, unamwambia mbwa."

"Uwanjani sauti yangu inafika ng'ambo ya mto."

"Uwanjani uko safu ya tisa, baba. Hebu shika bakuli."

Lazima isemwe Lyle alikuwa nani, kwa sababu wale wenye klabu hawakuwahi kujua na hawakutaka kujua. Kambare ni timu ndogo. Wachezaji wake ni vijana wanaopita tu, wanakaa msimu mmoja au miwili, wakiwa wazuri wanachukuliwa, wakiwa wabaya wanarudi kwao kuuza bima. Mji haukuwahi kuwazoea. Waliyemzoea ni Lyle. Jioni za kiangazi ungeweza kutembea kutoka reli hadi kwenye maji usipitwe na neno lake hata moja, maana kila baraza lilikuwa na redio na kila redio ilikuwa na Lyle. Waliokwenda uwanjani walikwenda na redio zao. Wanakaa pale, mchezo uko mbele ya macho yao, na bado sikioni wametia waya, kwa sababu mpira kuvuka ukuta ni jambo moja, na Lyle kusema umevuka ni jambo jingine. Ukuta wa nyuma wa uwanja unatazama mto, na ng'ambo ya mto ni jimbo jingine. Mpira ukipaa juu ya ukuta, Lyle alikuwa anasema taratibu, bila kupiga kelele: "Huyo kaenda Illinois." Watu walikuwa hawashangilii mpaka waisikie.

Na Vernon aliandika. Miaka thelathini na minane aliandika kila mechi kwa penseli kwenye daftari lenye vyumba vidogo, kila mpigaji, kila mrushaji, kila zamu ya zile tisa za mechi, nani kafika kituo gani na kwa njia ipi. Mechi za ugenini aliziandika mezani jikoni kutoka redioni, za nyumbani aliziandika kutoka safu ya tisa, redio mfukoni. Wapo wazee wanaolala na kitabu cha sala karibu na mto wa kulalia. Vernon alilala na daftari. Zamani mji ulikuwa na waandishi wa namna hiyo wengi, lakini siku hizi walibaki wawili tu, yeye na kinyozi Duane Kopecky, na kila Jumatatu walilinganisha madaftari yao wakibishana kama mawakili.

Walipofika ukumbini, viti vyote vilikuwa vimejaa na watu wamesimama hadi kwenye misumari ya makoti. Sandwichi za nguruwe zilikuwa mezani, kahawa ilikuwa kwenye mapipa mawili, na jeli za kijani zilishafika tano. Arlene aliiweka ya sita. Mbele, kwenye kiti cha peke yake, alikaa Marlys, binti wa Lyle, mwalimu wa hesabu aliyekuja kwa gari kutoka Dubuque. Alikuwa na uso wa baba yake na hakuwa na maneno yake. Alimshukuru kila aliyempa mkono, na hakuongeza kitu.

Duane ndiye aliyeendesha shughuli. Aligonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, kila mwenye neno aseme, lakini afupishe. Mechi ni saa saba, na mchungaji tayari alishatuhubiria msibani."

Wakaanza. Mkulima mmoja alisimulia jinsi Lyle, akiwa juu kwenye kibanda chake cha kutangazia, alivyokuwa anaona mawingu ya magharibi kabla ya mtu yeyote. "Katikati ya mechi, bwana, mrushaji kashika mpira, Lyle anasema, 'Enyi mlioanika majani huko upande wa Grandview, anueni, mna dakika ishirini.' Ndipo anarudi kwa mrushaji. Mimi nimeokoa majani yangu mara nne kwa besiboli." Mama mmoja alikumbusha mwaka wa mafuriko, uwanja ulipomezwa na mto, na Lyle akakaa studio kutangaza barabara zilizofungwa kwa sauti ile ile aliyotangazia wachezaji, hii imetoka, hii imeingia, mpaka watu wakawa wanacheka huku maji yako kwenye ngazi. Mwingine akasema alijifungua mtoto wakati Lyle yuko redioni, zamu ya nane, na daktari akamwomba asubiri mpigaji mmoja.

"Ukasubiri?" mtu aliuliza.

"Kambare walikuwa wamejaza vituo vyote, wanasubiri pigo moja tu. Ningefanyaje?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka bango, wakaacha kucheka. Kila hadithi iliishia hapo. Mtu huyu ndiye waliyempa boksi. Mtu huyu ndiye wanayesema aliamua.

Duane mwenyewe, ilipofika zamu yake, alisema maneno machache. "Mimi nilimkata nywele miaka ishirini na minane. Mwaka wa mwisho hakuja. Sijui kwa nini." Akatazama ndani ya kikombe chake. "Haya, nani anafuata?"

Vernon alikuwa amekwisha kusimama na karatasi zake ndipo akahisi mtu kamgusa kiwiko. Ni Tessa Brandvold, meneja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti la klabu lenye kambare kifuani. Hakuna aliyemwona akiingia, na angeonekana asingepewa hata kahawa.

"Mzee Vernon, samahani. Naomba dakika moja jikoni."

"Sema hapa hapa."

"Hapa sitasema. Nakuomba, mzee."

Kwa kuwa watu walianza kutazama, na kwa kuwa kukataa hadharani kungekuwa utovu wa adabu, Vernon alimfuata. Jiko la ukumbi lilikuwa dogo na lilinukia kahawa iliyoungua. Tessa akasukuma mlango.

"Habari za saini ninazo," alisema. "Sina neno nazo. Bango ni upuuzi, liliandikwa na wenye klabu huko Phoenix, na asubuhi hii nimeagiza lishushwe. Nitasimama pale mbele niseme wazi kwamba klabu ilimwondoa Lyle, nimwombe Marlys msamaha. Ila lile neno la mwisho, kwamba aliyemwondoa ataje jina lake, hilo nakuomba uliruke."

Vernon aliona furaha mbaya ikimpanda, ile furaha ya mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. "Unaona haya."

"Haya si zangu, mzee. Najaribu kukusitiri wewe."

"Kunisitiri mimi? Dada, umekuja juzi kutoka Nebraska, mmemfukuza mzee aliyetulea kwa sauti yake, mmempa boksi, boksi la karatasi za chooni maana nililiona, halafu unisitiri mimi?"

Tessa alifungua bahasha ya kaki, akatoa karatasi nne, akaziweka juu ya meza ya bati kati ya visu na mikate.

Vernon alizijua kabla hajazisoma. Mistari ilichorwa kwa rula. Mwandiko ulikuwa wa penseli, mdogo, ulionyooka, mwandiko wa madaftari yake. Safu ya kwanza tarehe, ya pili zamu, ya tatu alichosema Lyle, ya nne kilichotokea kweli. Juni tatu, zamu ya tano, alisema mpigaji ni Castellano, alikuwa Whitlow. Julai kumi na tisa, zamu ya saba, alisema tunaongoza kwa mbili, tuliongoza kwa moja. Agosti mbili, alisahau kusema mrushaji amebadilishwa, tukajua zamu nzima baadaye. Makosa arobaini na matatu ya msimu mmoja. Chini kabisa: "Sote tunampenda, lakini mambo hayawezi kuendelea hivi. Tafadhali fanyeni jambo. Naomba jina langu lisitajwe. V. Dieckmann."

Aliikumbuka, bila shaka aliikumbuka. Aliiandika mwisho wa Agosti, usingizi umekatika, daftari halikubaliani na redio kwa mara ya tatu wiki ile. Aliipeleka posta, akahisi amemfanyia Lyle wema, na jibu lilipokosekana akasema moyoni kwamba watu wale ni wazembe, wameitupa. Kisha Lyle akaondolewa, naye akakasirika kwa moyo wake wote, na katika hasira yote hiyo hata siku moja hakuketi akaweka Agosti karibu na Septemba.

"Mlitaka kumfukuza hata hivyo," alisema.

"Hapana. Wenye klabu wako Phoenix, hawajamsikiliza Lyle hata zamu moja. Mimi wakati wa mechi nahangaika na foleni za soseji na vyoo vilivyoziba. Hakuna aliyejua kwamba anakosea, mzee. Hakuna aliyemsikiliza hivyo. Niliwapelekea barua yako kwa sababu sikujua nifanye nini, wakasema, kama mashabiki wake wenyewe wanahesabu, basi amekwisha."

"Nilitaka mumpe msaidizi. Mtu wa kukaa naye amsomee namba za migongoni. Macho yalikuwa yamepungua, ni hayo tu."

"Hukuandika msaidizi. Uliandika jambo."

Ukumbini watu walikuwa wanapiga makofi. Mtu alikuwa amemaliza hadithi. Vernon alishika ukingo wa meza.

"Lyle aliiona hii?"

"Aliuliza sababu. Nikampa nakala. Jina lako nililikata kwa mkasi, kama ulivyoomba." Tessa akazirudisha karatasi ndani ya bahasha, akaiacha pale mezani. "Ichukue. Mimi sijamwambia mtu na sitamwambia. Ruka ile sentensi, nami nitabeba yaliyobaki. Nimeshazoea kuzomewa."

Laiti angemtukana. Hasira za Vernon zilikuwa na anwani majira yote ya baridi, na sasa zilirudi kwa mtumaji, na aliyezirudisha ni huyu msichana wa Nebraska mwenye kambare kifuani, tena kwa upole. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Alichukua bahasha akaitia ndani ya koti.

Alirudi mbele. Watu walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo, maana kila mmoja alijua alivyohangaika kwenye theluji na zile karatasi. Alisoma sentensi ya kwanza, kwamba Lyle hakuamua kupumzika bali aliondolewa. Ukumbi ukaitikia kwa miguu. Alitazama ya pili. Akakunja karatasi.

"Ni hayo," alisema. "Klabu ijibu."

Arlene, aliyekuwa amesimama karibu na kahawa, akageuza kichwa. Yeye aliyajua maandishi yale; aliyasoma kila asubuhi kwenye meza yake.

Tessa akajitokeza. Aliyasema aliyoahidi, bila kuzunguka. Klabu ilimwondoa Lyle. Bango lilikuwa uongo, limeshushwa. Akamgeukia Marlys, akamwomba msamaha kwa niaba ya klabu. Marlys akaitikia kwa kichwa. Yangeweza kuishia hapo, na kwa watu wa kwao wapenda amani huenda yangeishia hapo, lakini saini ni mia sita na kumi na mbili na kila aliyetia saini alikuwa amesoma.

"Na jina?" mkulima wa majani aliuliza kutoka nyuma. "Tulisaini jina. Vernon, soma yote."

"Nani alimwondoa?" mwingine akadakia.

"Klabu," Tessa alisema.

"Klabu haina mdomo, dada. Klabu haina mikono. Kuna mtu."

"Ni uamuzi wa ofisi."

"Basi ni wewe. Sema ni wewe, ukae."

Duane akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kelele, na kwa hiyo alipozungumza wote wakanyamaza. "Dada yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu alikaa na Lyle karibu, akamla. Sisi tulimpenda, tuna haki ya kumjua mtu huyo. Mimi namtaka kuliko wote hapa. Taja jina."

Tessa akainamisha kichwa. Wakaanza kumzomea, taratibu kwanza, kwa aibu, kama watu wasiozoea, kisha wakanogewa. Mtu akasema arudi kwao Nebraska. Mama wa zamu ya nane akasema wengine hawakulelewa. Uso wa yule meneja ulikuwa mwekundu hadi masikioni, na bado hakutazama upande wa Vernon hata mara moja.

Vernon alikuwa amezomea waamuzi wa besiboli miaka arobaini. Alijua zomeo lilivyo tamu likitoka mbali. Sasa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa anayezomewa, na aliona kwamba msichana yule ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na alichukia, akamchukia kila mtu mle ndani, kisha wote wakapungua akabaki mmoja.

"Mwacheni," alisema. Hawakusikia. Akasema kwa sauti ya uwanjani. "Mwacheni. Ni mimi."

Akatoa bahasha. Hakujua kupamba maneno, kwa hiyo alisoma kama alivyoandika, tarehe, zamu, alichosema, kilichotokea. Alifika kosa la sita au la saba ndipo watu wakaelewa wanachosikia. Alisoma hadi la mwisho. Alisoma na "tafadhali fanyeni jambo". Alisoma na sehemu ya kuomba jina lisitajwe.

"Vernon Dieckmann," alisema. "Hilo ndilo jina. Nilitaka apewe msaidizi. Sikuandika hivyo. Nilipita mbele ya nyumba yake kila siku nikienda posta, sikubisha hodi. Niliona vibaya kumwambia mzee kwamba macho yake yamekwisha. Nikawaambia wao. Marlys, niwie radhi."

Hakuna aliyezomea. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mkulima alitazama viatu vyake. Tessa alikaa.

Marlys alinyoosha mkono akaomba karatasi, akazipitia moja moja kama anayesahihisha mtihani.

"Ndizo," alisema. "Ya kwetu ilikatwa hapa chini. Ilikaa mezani jikoni mwaka mzima. Baba aliipitia yote, akasikiliza kanda zake za zamani, akalinganisha. Kwanza alikasirika mno. Baadaye alikuwa anasema, huyu mtu hakukosea hata moja." Akageuza karatasi ya mwisho. "Akaanza kutafuta ni nani. Haikumchukua muda. Alisema mji huu wanaoandika mechi nzima kwa penseli wamebaki wawili."

Macho yote yakahama. Duane alikuwa bado amesimama karibu na meza ya kahawa, na ilichukua muda kabla hajaelewa kwa nini anatazamwa.

"Mimi?" alisema.

"Alikuwa na hakika, Duane. Ndiyo maana hakuja tena dukani kwako. Alikuwa anavuka daraja kwenda kukata nywele Illinois."

"Krismasi nilimpelekea keki." Sauti ya Duane ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo. "Nilimwona dirishani. Hakufungua mlango. Nikasema labda amelala ameketi." Akamtazama Vernon. "Na kila Jumatatu ulikuwa unakuja kwangu na daftari. Nilikuuliza, bwana. Nilikuuliza, Lyle ana nini na mimi?"

"Sikujua," Vernon alisema.

"Uliniambia uzee."

Duane akachukua koti lake kwenye msumari. Hakulivaa. Alilibeba mkononi, akapita katikati ya viti, watu wakimpisha kwa magoti, akatoka. Mlango wa ukumbi ule ni mzito na hujifunga wenyewe polepole, na wote walikaa kuusubiri ujifunge. Arlene alimfuata.

Vernon alibaki mbele na karatasi kumi na mbili za saini mkononi. Angetamani mtu amkemee. Mia sita na kumi na mbili wote walikuwa na haki hiyo, na hata mmoja hakuitumia, wakamtazama kwa ile adabu yao ya kwao, ile ile, adabu ya watu wasiomwambia mtu kitu.

"Tulikuwa wawili," alimwambia Marlys. "Mimi na Duane. Kwa nini hakunishuku mimi?"

Marlys alikuwa anazikunja zile karatasi nne kwa uangalifu. Hakuinua macho.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," alisema. "Akanicheka. Akasema, Vernon hawezi. Vernon angekuwa na neno na mimi, angekuja aniambie usoni."